Busaa imeiva au imelala? Namna ya kuitambua pombe ya nyumbani iliyo tayari

KATIKA mji mdogo wa Ziwa, kaskazini mwa Eldoret, Kaunti ya Uasin Gishu, mwezi Julai ni mwezi wa makoti. Usiku, kipimajoto hushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na ukungu hauondoki juu ya mashamba ya mahindi mpaka jua lipande. Ni katika majira hayo ambapo mtu aliyetia busaa kwenye pipa siku ya Jumatano, akitarajia kuwakaribisha wageni Jumamosi, hufunua kifuniko na kukuta kimya. Povu limeanguka, juu kumetulia, hakuna mlio. Swali linalomkabili ni moja tu: je, pombe hii imeiva, au imelala?

Jibu lake lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Anayechuja pombe iliyolala huwanywesha wageni maji ya unga mbichi, na matumbo yao humsema baadaye. Anayeitia chupani akidhani imekwisha kazi huweka rafuni kitu kinachoweza kupasuka na kumjeruhi mtoto. Naye anayesubiri kupita kiasi hubaki na siki. Maarifa ya kutofautisha hali hizo yamekuwa mikononi mwa wanawake wa Magharibi mwa Kenya na Bonde la Ufa kwa vizazi vingi, lakini ni nadra kuyakuta yameandikwa.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu maneno. Magazeti yetu yamezoea kumwita kila mpika pombe "mgema". Mgema kwa hakika ni yule apandaye mnazi kugema tembo, na huko Ziwa hakuna minazi. Katika makala haya tutasema mpishi wa pombe. Halafu kuna kitenzi "kuchacha": wali uliochacha hutupwa, ila pombe isiyochacha si pombe. Kiswahili kimeyaachia mambo hayo mawili neno moja, na pengine ni haki, kwa sababu kazi yenyewe ni ileile. Kinachotofautiana ni saa ya kuisimamisha.

Jina busaa limetoka kwa Waluhya na kuenea kote nchini. Wabukusu husema kamalwa. Wakalenjin huita pombe maiyek, na ile ya asali huiita kipketinik. Wateso wa Busia wana ajon, ya wimbi, ambayo humiminiwa maji moto mtungini na kufyonzwa kwa mirija mirefu. Busaa ya Uasin Gishu hutegemea mahindi, kwa kuwa hiyo ndiyo nafaka iliyojaa maghala ya eneo hilo baada ya mavuno ya kati ya Oktoba na Desemba.

ZIENDAKO SIKU

Kuelewa kuiva kwa busaa kunataka kwanza kujua siku zake zinakwenda wapi. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji kidogo hadi ushikamane, kisha hufunikwa na kuachwa siku 2 au 3. Hapo bakteria wa asidi, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa ya mursik, huufanya uwe mchachu. Kinyunga hicho huvunjwavunjwa na kukaangwa juu ya bati au karai pana, kikigeuzwageuzwa mpaka kiwe chenga za rangi ya kahawia zenye harufu ya mkate.

Kukaanga huko hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Joto huwaua wengi wa vijidudu waliokuwa katika kinyunga, ila asidi waliyoitengeneza hubaki, nayo huwazuia waharibifu wasivamie baadaye. Pia huivisha wanga wa mahindi, ukawa laini kwa kazi inayofuata. Mpishi anayekaanga kwa haraka, nje ikaungua ilhali ndani kungali kubichi, hujikuta na pipa linalochacha kwa kusitasita, na lawama zote humwendea hamira asiye na kosa.

Kimea huandaliwa kando. Wimbi hulowekwa siku moja, hufunikwa siku kadhaa mpaka lichipue, hukaushwa juani na kusagwa. Ndani ya kimea mna vimeng'enya, yaani chembe za protini zinazougeuza wanga kuwa sukari. Mna pia hamira za asili zilizojishikiza kwenye maganda. Chenga zilizopoa hutiwa maji, kimea huongezwa, na kuanzia hapo saa ya kweli huanza kuhesabika: siku 2 hadi 4, kutegemea hali ya hewa. Mtafiti M. J. R. Nout, katika uchunguzi wake wa vijidudu vya busaa uliochapishwa mwaka 1980, alionyesha kuwa bakteria wa asidi na hamira hufanya kazi pamoja katika pombe hii. Ndiyo maana busaa ni tamu, chachu na kali kwa pamoja. Kiasi cha kileo chake aghalabu ni kati ya asilimia 2 na 4, kwa hiyo mara nyingi ni hafifu kuliko bia ya dukani.

Msomaji aangalie jambo moja hapa, kwa maana ndilo linaloitenga busaa na bia ya chupa. Wanga hauishi pipani siku sukari ya kwanza inapoliwa. Vimeng'enya vya kimea huendelea kuzalisha sukari mpya, na hamira huendelea kuila. Busaa haina mwisho wa asili ila siki. Kwa hiyo, kusema busaa "imeiva" hakumaanishi kuwa imemaliza. Kunamaanisha kuwa imefika katikati ya safari, mahali ambapo utamu na uchachu vimelingana, nayo ingali hai.

SIKIO, JICHO NA MKONO

Dalili ya kwanza ni ya sikio. Pombe inapokuwa kazini, ukiinamisha kichwa juu ya pipa utasikia mchirizo mwembamba, kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni. Hiyo ni gesi ya kaboni dioksidi ikipasua viputo. Katika kilele chake mlio huo husikika hata mlangoni. Mpishi mwenye uzoefu hawi na wasiwasi unapokuwa mkubwa. Huanza kuwa makini unapopungua.

Jicho huthibitisha. Gesi hubeba chenga na maganda hadi juu, vikajenga tabaka nene mithili ya kofia. Kofia hiyo huvimba, hutoboka hapa na pale, na viputo hutoka kwa nguvu kwenye matobo. Kisha hupasuka nyufa. Mwishowe huanza kuzama, kwanza pembezoni, halafu katikati. Ikiwa kuna dalili moja ya kuaminiwa kuliko nyingine, basi ni hii ya kofia inayozama ilhali viputo vidogo vingali vinapanda. Hapo ndipo kichujio hutafutwa. Kofia ikishazama yote na maji ya juu yakaanza kuwa meupe na kutulia, saa nzuri imepita.

Mkono una ushahidi wake. Kuchacha hutoa joto, na pipa lililo kazini huwa na uvuguvugu kuliko ukuta wa nyumba. Weka kiganja ubavuni asubuhi, kabla jua halijagusa bati. Pipa likiwa na joto, kazi inaendelea. Likiwa baridi kama sakafu, ama kazi imekwisha ama imekatizwa, na hapa ndipo wengi hukosea.

Pua na ulimi huja mwisho. Harufu huanza kama ya unga uliolowa, huingia kwenye harufu ya mkate na ndizi mbivu, na huishia kwenye ukali wa siki unaochoma puani. Ulimini, pombe changa ni tamu tu na huacha unga kwenye meno. Iliyoiva ina utamu unaofuatwa na uchachu. Iliyopita ina uchachu peke yake. Anayeonja aonje kidogo, na aonje kila siku tangu siku ya kwanza, kwani ulimi haujui kupima kitu kimoja. Unachojua ni kulinganisha.

BARIDI INAPODANGANYA

Dalili hizo zote zina udhaifu mmoja, nao ni baridi. Hamira ni kiumbe hai, na katika pombe za aina hii hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 20 na 30. Kwa makadirio ya jumla, joto likishuka kwa nyuzi 10, kasi ya kazi hupungua kwa karibu nusu. Ziwa iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Pipa lililowekwa juu ya sakafu ya simiti katika chumba kisicho na moto, mwezi wa Julai, linaweza kunyamaza kabisa kabla hata nusu ya sukari haijaliwa. Kofia huzama kwa kukosa gesi ya kuishikilia. Mlio hutoweka. Ubavu huwa baridi. Kwa kila kipimo cha macho na masikio, pombe inaonekana imekwisha, kumbe hamira wamejikunyata chini, kwenye mashapo, wakisubiri jua.

Anayeshuka kutoka nyanda hizi hadi Bonde la Kerio, mwendo wa saa chache tu kwa gari, hukuta hali kinyume. Kule pombe iliyotiwa asubuhi inaweza kuwa imechangamka kufikia jioni, na kesho yake ikawa ya kunywewa. Kwa hiyo hesabu ya siku aliyoirithi mtu kwa mama yake huko Ziwa haimfai akiolewa bondeni, wala ya bondeni haifai Ziwa.

Namna ya kutofautisha iliyoiva na iliyolala ni rahisi. Chota kikombe kimoja kutoka katikati ya pipa, baada ya kukoroga kidogo ili kupata mashapo, ukiweke karibu na jiko lenye makaa yanayofifia, mahali penye uvuguvugu usiounguza mkono. Kifunike kwa kitambaa. Baada ya saa 12 hivi, sikiliza na uonje. Kikombe kikianza kuchirizika na kupandisha povu, pipa lilikuwa limelala. Lisogeze penye joto, lizungushie gunia au blanketi, na usubiri. Kikombe kikibaki kimya na ladha yake ikizidi uchachu tu, pombe imefika, na haifai kucheleweshwa.

HABARI YA CHUPA

Hadi hapa tumezungumza juu ya pombe inayonywewa pale pale, kutoka mtungini au kwenye kikombe cha bati. Tatizo hubadilika pindi mtu anapotaka kuihifadhi. Wapo Wakenya wachache, hasa mijini, wanaopika bia ya kimea cha shayiri nyumbani kwa mtindo wa Ulaya, na wapo wapishi wa busaa wanaojaza chupa za soda ili kumpelekea jamaa aliye mbali. Wote hukutana na hesabu ileile.

Kila gramu 4 za sukari iliyosalia katika lita moja ya pombe, zikiliwa na hamira ndani ya chupa iliyofungwa, huzalisha takriban lita moja ya gesi. Bia ya kawaida ya dukani ina kama lita mbili na nusu za gesi kwa kila lita. Pombe iliyofungwa ikiwa na gramu 20 za ziada inaelekea lita 5, shinikizo ambalo chupa nyingi za glasi hazikuundwa kulihimili. Gramu 20 kwa lita si kiasi kikubwa. Ni kama vijiko vinne vya chai. Na busaa, yenye wanga unaozidi kugeuka sukari, ina akiba kubwa kuliko hiyo.

Kwa bia ya shayiri kuna chombo cha kupimia, haidromita, ambayo ni mrija wa glasi wenye uzito chini, unaoelea ndani ya pombe. Sukari ikiwa nyingi, huelea juu, ikipungua, huzama. Bia ya kawaida huanza kwenye kipimo cha karibu 1.045 na huishia karibu 1.010. Kanuni ya wapishi duniani kote ni kwamba kipimo kisipobadilika kwa siku 3 mfululizo, bia iko tayari kwa chupa. Kanuni hiyo ni nzuri, lakini iliandikwa na watu wenye vyumba vya joto linalotulia. Katika nyumba ya Ziwa mwezi wa Julai, kipimo kinaweza kusimama wiki nzima kwenye 1.020 kwa sababu hamira wamelala. Chupa zikijazwa hapo na kusafirishwa hadi Kisumu au Mombasa, joto huwaamsha njiani. Kwa hiyo pima pia ile sampuli ya kikombe iliyokaa penye joto siku 2 au 3, ikiongezwa hamira kidogo. Kipimo cha kikombe na cha pipa vikilingana, funga chupa. Visipolingana, subiri.

Kwa busaa haidromita haisaidii sana. Unga unaoelea hukisukuma chombo juu na kuharibu hesabu, na hata kipimo kingekuwa sahihi, kesho kungekuwa na sukari mpya. Anayelazimika kuibeba aibebe katika chupa ya plastiki, aache nafasi juu, asikaze kifuniko, na aifungue mara kwa mara. Chupa ya plastiki ina faida nyingine: huongea na kidole. Ikiwa gumu kama jiwe ukiibonyeza, ilegeze kifuniko polepole, nje, uso ukiwa mbali. Chupa ya glasi haitoi onyo lolote.

Viwanda vilivyojaribu kuiweka pombe ya namna hii kwenye vifungashio vimekumbana na ugumu huohuo. Chibuku, pombe ya nafaka inayojulikana kutoka Zimbabwe hadi Tanzania, kwa miaka mingi iliuzwa katika vyombo vinavyoruhusu gesi kutoka, na maisha yake yalihesabiwa kwa siku chache. Mwaka 2012 kampuni ya Delta ya Zimbabwe ilitoa Chibuku Super, ambayo hupashwa joto ili kuwaua hamira kabla ya kutiwa gesi, nayo hudumu siku 21. Kwa maneno mengine, ili kuizuia chupa isipasuke ilibidi kwanza kuiua pombe. Wanywaji wa busaa watajiamulia kama huo ni ushindi.

YASIYOONEKANA KWA KUIVA

Kuiva ni jambo moja. Usalama ni jambo jingine, na dalili za la kwanza hazisemi lolote kuhusu la pili.

Nafaka ikichacha haitengenezi methanoli ya kutosha kumdhuru mtu. Vifo vilivyotikisa nchi, kama vya Nairobi mwezi Novemba 2000 ambapo zaidi ya watu 100 walipoteza maisha, vya Mei 2014 katika kaunti kadhaa, na vya Kirinyaga mwezi Februari 2024, vilitokana na vileo vilivyokuwa na methanoli, kemikali ya viwandani ambayo hutiwa na wafanyabiashara ili kukoleza makali. Methanoli haina ladha wala harufu ya kuitofautisha na kileo cha kawaida. Madhara yake huweza kuchelewa nusu siku au zaidi: kichwa kuuma, tumbo kukata, macho kuona ukungu. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitalini mara moja, si kulazwa kitandani eti ulevi utaisha.

Sumu ya pili hutoka shambani. Mahindi yaliyovunwa mvuani na kukaa na unyevu hupata kuvu, na baadhi ya kuvu hutoa aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 kati ya 317 waliougua, wengi wao katika wilaya za Makueni na Kitui. Bodi ya Nafaka hudai mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5. Yale yanayokataliwa langoni hurudi nyumbani, na kuna mazoea mabaya ya kuyafanya pombe kwa imani kwamba kukaanga na kuchacha huyatakasa. Hakuyatakasi, huyafunika tu harufu. Mahindi yasiyofaa kwa ugali hayafai kwa busaa.

Upo pia upande wa sheria. Tangu mwaka 1971 pombe za kienyeji zilihitaji leseni, na mwaka 1980 chang'aa ilipigwa marufuku kabisa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010, maarufu kama Sheria ya Mututho kutokana na John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, iliondoa marufuku hiyo, ila ikataka chang'aa iuzwe katika chupa za glasi na mtengenezaji wa kileo chochote awe na leseni. Chini ya Katiba ya 2010 utoaji wa leseni za vileo ni jukumu la kaunti, kwa hiyo mwenye nia ya kuuza huko Ziwa aanzie katika afisi za Kaunti ya Uasin Gishu. Inashangaza kidogo kwamba chupa ilitajwa na sheria kuhusu chang'aa, pombe iliyokeneka ambayo haina hamira hai na haiwezi kuipasua, huku busaa, ambayo chupa ndiyo adui yake, ikinyamaziwa.

Baada ya kuchujwa kwa kitambaa safi au gunia lililochemshwa, busaa katika baridi ya Ziwa hunyweka kwa siku moja, pengine mbili, kabla haijageuka siki. Machicha hupewa ng'ombe au nguruwe kwa kiasi, maana yana kileo. Pipa la plastiki hufuliwa kwa maji moto na kuanikwa. Mtungi wa udongo huoshwa kwa maji tu, bila sabuni, kwa sababu vitundu vyake hushika hamira wa pombe iliyopita, na wapishi wa zamani wanajua kwamba mtungi wa namna hiyo huanza kuchirizika mapema kuliko pipa jipya, hata mwezi wa Julai.